Raj alipokataa kukimbia: uzuri na kasoro za Dilwale Dulhania Le Jayenge

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, nawaamkia. Na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mkichoka mteleze kimyakimya, nimewaona. Nimeombwa niseme machache baada ya picha, na picha yenyewe imekula saa tatu na dakika zake, kwa hiyo sitawashikilia sana.

Niseme msimamo wangu mapema, atakayetaka kuzomea aanze sasa. Dilwale Dulhania Le Jayenge, picha ya Kihindi tuliyoitazama sasa hivi, ni picha nzuri. Nimeitazama mara nyingi, na bado ikifika kwenye lile shamba la haradali naacha ninachokifanya. Lakini kasoro yake kubwa imekaa palepale ulipokaa uzuri wake: pale Raj anapokataa kumtorosha Simran. Yote nitakayosema yatazunguka hapo.

Kwa waliochelewa kuingia, na kwa wale waliokuja kwa ajili ya nyimbo tu, kisa ni hiki. Baldev Singh ni Mpunjabi mwenye duka London. Zamani alimwahidi rafiki yake Ajit, aliyebaki Punjab, kwamba binti yake Simran ataolewa na Kuljeet, mtoto wa Ajit. Barua inapofika kukumbusha ahadi, Simran anaomba kitu kimoja: mwezi mmoja wa kutembea Ulaya na wenzake, kisha ataolewa na huyo asiyemjua. Safarini anakutana na Raj, mtoto wa tajiri, Mhindi aliyekulia London kama yeye. Wanachokozana, wanapendana. Baba akijua, anaibeba familia nzima mpaka Punjab haraka haraka. Raj anafuata, anaingia nyumba ya harusi kama mgeni, na kuanza kazi ya kuipata mioyo ya watu mmoja baada ya mwingine.

Picha ilitoka tarehe 20 Oktoba 1995, msimu wa Diwali. Mwongozaji wake, Aditya Chopra, alikuwa na miaka 24 na hiyo ndiyo picha yake ya kwanza. Baba yake, Yash Chopra, ndiye aliyetoa fedha, naye alikuwa mkongwe wa picha za mapenzi. Ukumbi wa Maratha Mandir, jirani na stesheni ya Mumbai Central, uliianza mwaka huohuo wa 1995, na Desemba 2014 ikatimiza wiki 1,000 mfululizo kwenye ukumbi huo mmoja. Tuzo za Filmfare, zile za picha za Kihindi, ilizoa kumi. Mwaka 2015 Barack Obama, akiwa Delhi, alitia mstari wa maneno ya Raj katikati ya hotuba yake na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Picha haifiki huko kwa bahati.

Imefikaje? Mimi naona ni kwa sababu ya radhi.

Picha za mapenzi za Kihindi zilikuwa na njia chache za kumaliza ugomvi wa mtoto na mzazi. Mwaka 1988 Qayamat Se Qayamat Tak iliwafanya vijana watoroke, na tukawazika. Bobby ya mwaka 1973 iliwafanya watoroke, wakajitupa majini, na kina baba wakawaopoa wakiwa wamelainika. Kijana alipaswa kuchagua kati ya mpenzi na mzazi, na chaguo lolote lilikuwa na gharama ya damu au karibu na damu. Raj anakuja na la tatu. Hatoroki na hamwachi. Anasema atamchukua Simran siku ile tu baba yake mwenyewe atakapomkabidhi. Na ili afike huko, tazameni anavyofanya. Anamsaidia shangazi kuchagua sari. Alfajiri anawarushia njiwa nafaka pamoja na Baldev. Siku ya Karva Chauth, wake wanapofunga kutwa nzima kuwaombea waume zao umri mrefu, Simran anajifanya kuzimia ili tone la kwanza la maji alipokee kutoka kwa Raj, wala si kwa Kuljeet. Kisha tunagundua kwamba Raj naye alifunga. Hapo kina mama wengi wamemaliza hukumu.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kuelezwa jambo hili. Nyumba ambazo picha ya Kihindi ilikaguliwa na mama kabla ya watoto kuruhusiwa kukaa sebuleni, hii ilipita bila kipingamizi. Mzazi aliona kijana anayeheshimu wakubwa. Mtoto aliona kijana anayepigania mapenzi. Wote wawili walikuwa wanatazama kanda moja, kila mmoja akidhani imeletwa kumtetea yeye. Huo ni ufundi mkubwa wa uandishi, na Aditya Chopra aliupata akiwa na umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunatafuta nauli.

Kuna uzuri wa pili, wa kuwatendea haki Wahindi wa ughaibuni. Kabla ya hapo picha nyingi zilimchora Mhindi wa London kama mtu aliyepotea, mwenye sigara na chupa, anayesubiri kurudishwa kwenye mstari na binamu kutoka kijijini. Hapa Raj anakunywa, anafeli mtihani na baba yake anasherehekea kwa sababu kufeli ni mila ya ukoo wao, anaendesha gari kama mwendawazimu, na bado ndiye mwenye adabu kuliko Kuljeet aliyekulia Punjab. India ilikuwa imefungua uchumi wake mwaka 1991, na ghafla ndugu wa ng'ambo wenye pauni na dola walitakiwa nyumbani. Picha iliwafungulia mlango kwa wimbo.

Lakini hapo hapo nina neno, na ni neno linalotuhusu. Katika ukumbi wa London au Leicester mwaka ule walikuwepo Wahindi ambao hawakutoka India. Walitoka Kampala, wamefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Walitoka Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam. Baldev anawalisha njiwa Trafalgar Square huku akikikumbuka kijiji chake, na wimbo unamwita mgeni arudi kwao. Sasa yule mzee wa Kampala arudi wapi? Babu yake ndiye aliyeiacha Gujarat. Nyumba anayoiota yeye iko Kololo, na muhogo anaoutamani ni ule wa kuchoma, wenye ndimu na pilipili. Picha hii inajua nyumbani kumoja tu. Inapendeza kwa kurahisisha, na aliyerahisishwa anakaa kimya kwenye giza la ukumbi.

Hata hiyo Punjab yenyewe imepigwa pasi. Maua ya njano hadi upeo wa macho, wasichana kwenye bembea, wazee wanacheka. Tarehe 31 Agosti 1995, wiki saba tu kabla ya picha kutoka, waziri mkuu wa jimbo hilo, Beant Singh, aliuawa kwa bomu Chandigarh. Jimbo lilikuwa linatoka kwenye zaidi ya miaka kumi ya damu. Silaumu picha ya mapenzi kwa kutokuwa taarifa ya habari. Nasema tu kwamba Punjab anayoililia Baldev ilikuwepo kichwani mwake zaidi kuliko kwenye ramani. Stesheni ile ya mwisho, ambayo sote tunaiamini kuwa Punjab, ni Apta, katika jimbo la Maharashtra, mwendo mfupi kutoka Mumbai.

Sasa muziki, na hapa niruhusuni nikae kidogo.

Walioutunga ni ndugu wawili, Jatin na Lalit, na mashairi ni ya Anand Bakshi. Bakshi alikuwa na miaka 65. Lata Mangeshkar, aliyemwimbia Simran, alikuwa na miaka 66. Kajol mwenyewe, aliyemwigiza Simran na kuchezesha midomo, alikuwa na 21. Fikirini hilo: hamu ya msichana mdogo ya mapenzi asiyoyajua imetungwa na babu na kuimbwa na bibi. Labda ndiyo maana haina papara. Katika wimbo wa kwanza Simran anamwota mtu asiye na sura, mvua inanyesha, na Lata haisukumi sauti hata mara moja. Anaiacha itembee. Mtu aliyelelewa kwenye taarabu anaitambua subira hiyo. Na si ajabu, maana vikundi vyetu vya taarabu vilikuwa vikichukua sauti za picha za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili miaka mingi kabla Raj hajazaliwa.

Kisha kuna mandolini. Raj anaipiga Ulaya, sauti fupi tu, mtu angeweza kuipita. Simran akiwa Punjab, amekata tamaa, anaisikia ile sauti kwa mbali na kukimbilia shambani. Hajamwona mtu. Masikio yake ndiyo yanayomwambia. Ndipo unaanza wimbo Tujhe Dekha To, na kamera inaruka kati ya haradali na mandhari ya Ulaya kana kwamba mabara mawili yana uzio mmoja. Dakika nzima kabla ya hapo hakuna aliyesema kitu cha maana. Muziki umebeba kisa, wakati katika picha nyingi wimbo ni nafasi ya watu kwenda kununua karanga.

Usiku wa hina nao umepangwa vizuri. Kuna mzaha mmoja pale wa mtu anayejua nyumba aliyotoka: Baldev, yule mkali, analainika na kumwimbia mkewe kipande cha wimbo wa zamani kutoka Waqt, picha ya mwaka 1965 iliyoongozwa na Yash Chopra, baba wa mwongozaji huyuhuyu. Mtoto anamwazima baba yake wimbo ili baba wa kwenye picha aonekane ana moyo. Amrish Puri, ambaye sisi tulimzoea kama adui wa kutisha, anaimba na tunamwamini.

Si nyimbo zote zina uzito huo. Ule wa karamu ya Ulaya, Raj akijionyesha, ni wa kupoteza muda. Na ule wa Simran kulewa, ingawa Asha Bhosle anajitahidi, mimi ningeukata nusu. Kwenye Filmfare tuzo ya muziki walinyimwa, ikaenda kwa A. R. Rahman na Rangeela. Nimebishana na marafiki kuhusu hilo hadi tukakosa daladala, ila nakiri kwamba Rahman alikuwa amekuja na sauti ambayo India haikuwahi kuisikia. Jatin na Lalit walikuwa wanamalizia vizuri kitu cha zamani.

Turudi kwa Raj. Nusu ya kwanza, huko kwenye treni, anamfanyia nini Simran? Anamsogelea asipotakiwa. Anaokota sidiria yake na kuipeperusha mbele yake. Anamng'ang'ania hata akigeuza uso. Kisha ile asubuhi hotelini: Simran anaamka amevaa nguo ya Raj, hakumbuki kitu, na Raj anamwachia aamini kwamba usiku limetokea lile analoliogopa kuliko yote. Anamwonyesha mpaka alama za rangi ya mdomo kifuani. Msichana analia. Ndipo anasema ni utani, yeye ni Mhindi na anaijua heshima ya msichana wa Kihindi.

Mwaka 1995 kumbi zilicheka. Leo mliguna, nimewasikia, hasa upande ule wa kina dada. Na mlikuwa sahihi kuguna. Picha inataka tumsifu Raj kwa sababu hakumdhuru, na inataka tusahau kwamba aliufurahia woga wake kwa dakika kadhaa. Shah Rukh Khan, anayemwigiza Raj, ana ule uso ambao ukitabasamu unasamehewa deni, na mwandishi ameutumia kama kitambulisho cha kupitia kila kizuizi. Muondoe yeye, mweke mwigizaji wa kawaida, tukio lile halitazamiki.

Lakini hilo kila mtu siku hizi analisema. Kwangu kuna zito zaidi, nalo linaanza kwa mama.

Farida Jalal anaigiza mama yake Simran, Lajjo. Usiku mmoja anakaa na binti yake na kumweleza maisha yake. Alipokuwa mdogo aliambiwa kwamba mwanamume na mwanamke ni sawa. Alipokua akagundua si kweli. Masomo yake yalikatishwa ili kaka zake wasome. Akawa binti wa kujinyima, dada wa kujinyima, mke wa kujinyima. Simran alipozaliwa akaapa kwamba huyu hatalipa alicholipa yeye. Na sasa, anasema, alisahau kwamba mwanamke hana hata haki ya kuapa, na amekuja kumwomba bintiye aiache furaha yake. Hakuna muziki wa kutuliza wala kelele, ni mama na binti tu. Wachezaji wachache wa Bombay waliwahi kupewa maneno kama yale, na Farida Jalal anayasema kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika. Alipewa tuzo, na ingekuwa aibu asipewe.

Sasa endeleeni kutazama. Baadaye mama huyuhuyu anaamka. Anagundua Raj ni nani, anawaletea vito vyake, anawaambia wakimbie. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kuamua jambo, ameamua. Amevunja amri ya mumewe ndani ya nyumba ya mumewe. Simran naye yuko tayari, alikuwa amemsihi Raj zamani waondoke. Wanawake wawili wamekubaliana.

Raj anakataa. Anatoa wasia wa marehemu mama yake kuhusu njia mbili, ya haki yenye miiba na ya mkato inayoishia pabaya, na anavirudisha vile vito. Anataka mkono wa baba.

Ukumbi unapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi miaka mingi. Lakini jiulizeni radhi ya mama imekwenda wapi. Lajjo si mzazi? Amembeba Simran, amemlea, amemfumbia macho, amemfungulia mlango, na radhi yake imehesabiwa kuwa ni njia ya mkato. Picha imeuliza swali zito kwa mdomo wa mama, kisha kijana mzuri akaja kulikalia. Sisi tunaotoka katika jamii ambayo pepo tumeelekezwa chini ya miguu ya mama tulipaswa kuwa wa kwanza kushtuka.

Baada ya hapo Simran hana kazi tena ila kusubiri. Wanaume wawili wanajadiliana juu yake kwa njiwa, kwa makofi ya usoni, na hatimaye kwa ngumi stesheni. Ngumi zile, kwa maoni yangu, ni woga wa mwandishi: saa tatu amesema mapenzi yatashinda kwa subira, dakika ya mwisho akaona afadhali tupigane kidogo, maana steling wa Kihindi asipotoa damu puani watu wadai nauli. Kisha treni inaondoka, Simran anavuta mkono, baba ameushika. Anamwachia. Kajol anakimbia, Raj amenyoosha mkono mlangoni mwa behewa kama alivyonyoosha siku walipokutana. Nasisimka kila mara, siwafichi. Lakini mkono ule ulitoka kwenye mkono wa mmoja ukaingia kwenye mkono wa mwingine bila kupata hata nukta ya kuwa wake peke yake.

Na ili jambo lote likubalike, ilibidi Kuljeet awe mtu mbaya. Ana bunduki, ana dharau, anasema akioa ataendelea na starehe zake London. Angekuwaje kama angekuwa kijana mwema, mkulima mpole, anayemngoja mchumba wake kwa nia safi? Baldev angemwachia Simran mkono? Hilo ndilo swali la kweli la ndoa za kupangiwa, kwa sababu wengi tunaopangiwa hatupangiwi majambazi. Tunapangiwa watu wazuri tusiowapenda. Mwandishi aliliona swali, akampa Kuljeet bunduki.

Na kuna Preeti, dada yake Kuljeet. Raj alimwachia aamini kwamba huenda amekuja kwa ajili yake, ili apate kisingizio cha kubaki nyumbani. Familia ikaanza kumpigia hesabu za posa. Treni ilipoondoka, nani alimweleza Preeti? Hakuna. Mandira Bedi, aliyemwigiza, aliachwa na picha kama alivyoachwa na Raj.

Mwaka 2022 Aditya Chopra aliirudia kazi yake kwa namna ya mchezo wa jukwaani wa kuimba, huko San Diego, Marekani, na mwaka 2025 ukapelekwa Manchester. Aliyebadilishwa ni Raj: amekuwa Mmarekani mweupe anayeitwa Rog. Mwongozaji alieleza kwamba tangu mwanzo kijana aliyekuwa kichwani mwake alikuwa wa Kimagharibi, mtu wa aina ya Tom Cruise. Wapenzi wa picha ya zamani walikasirika sana, na mabishano yote yakawa juu ya rangi na pasipoti ya bwana harusi.

Mimi ningetamani jaribio jingine. Raj abaki Raj, duka la London libaki, haradali na mandolini vibaki. Ila mama akileta vile vito, Simran anyooshe mkono avipokee mwenyewe, amwambie Raj, ukitaka kubaki kumngoja baba, baki, mimi na mama tumeshapatana. Kisha tuone Raj atasema nini, na Baldev atafanya nini asubuhi akikuta njiwa wapo na binti hayupo.

Nimemaliza upande wangu. Kipaza sauti kianze kwa yule dada mwenye mtandio wa kijani, amekuwa akinitikisia kichwa tangu nilipomgusa Shah Rukh.